Makabati Yanayofunguka kwa Ndani

Wapendwa waombolezaji, majirani zetu wa uani, mafundi wenzetu wa St Martin's Lane na Long Acre mlioacha meza zenu za kazi asubuhi hii, mimi naitwa Gideon Tapsell, fundi wa kujaza na kushona viti, kaka yake Keziah ambaye tangu Alhamisi iliyopita ni mjane, na nimesimama mbele yenu kwa niaba ya familia kuwasomea historia ya shemeji yangu, marehemu Ambrose Quaco, seremala wa makabati. Iko sehemu ya historia hii ambayo ningependa isomwe na mtu mwingine, au isisomwe kabisa, lakini marehemu mwenyewe alinishika mkono mwezi uliopita akaniambia, "Utasoma wewe, shemeji, na usiruke kitu." Kwa hiyo nitasoma, na sauti ikinikatika naomba mnisubiri.

Marehemu alizaliwa kisiwani Jamaika, wilaya ya Westmoreland, katika shamba la miwa la Bwana Peregrine Lascombe, mwaka 1741, siku ya Jumatano. Tarehe hatuna. Siku tunaijua kwa sababu mama yake alimwita Quaco, jina ambalo kwao Pwani ya Dhahabu, Afrika, hupewa mtoto wa kiume aliyezaliwa Jumatano, ingawa msimamizi wa shamba alimwita Titus, jina alilompa pia mbwa wake. Baba yake alikuwa mkata miti ya mahogani huko milimani, akaangukiwa na mti marehemu akiwa na miaka sita, na mwaka uliofuata mama yake aliuzwa kwa shamba la upande wa pili wa kisiwa, na marehemu aliniambia kwamba katika umbo lote la mama yake alichokuwa anakikumbuka ni kisogo, maana ndicho alichokiona mkokoteni ulipoondoka.

Mwaka 1753, akiwa na miaka kumi na miwili, aliletwa hapa London na Bwana Lascombe, akavishwa koti la hariri na kusimamishwa nyuma ya viti vya wageni kubeba sinia la chokoleti, na katika miaka mitatu aliyokaa hapo mpishi wa nyumba ile alimfundisha kusoma. Mwezi Mei 1756 alipelekwa kwa fundi Humphrey Dowsett, Long Acre, kujifunza useremala kwa miaka saba, kusudi akihitimu arudishwe Jamaika awatengenezee mabwana wa mashamba samani za Kiingereza kwa miti ya kulekule. Bwana Dowsett, ambaye ni marehemu naye, alikuwa mkali lakini hakumficha ujuzi, akamfundisha kupiga randa, kupika gundi, kubandika vinia, zile mbao nyembamba za kufunikia, kuchora mgongo wa kiti kwa mtindo wa Kichina au wa Kigothi au wa Kifaransa kadiri mabibi walivyobadilisha mawazo, na zaidi ya yote kuchonga ule mguu wa kiti unaoishia kwa kucha za ndege zilizokamata mpira. Wengi wenu hapa mnauchonga. Hakuna anayeuchonga kama yeye. Alikuwa akisema mguu wa kiti uliochorwa sawasawa unafanana na mtu anayetaka kukimbia na amejizuia.

Mwishoni mwa Septemba 1763 ujumbe ulifika kwamba meli imeshatia nanga Gravesend na kwamba Titus aandaliwe, na Jumatatu tarehe 3 Oktoba marehemu alitoka asubuhi na mfuko wa patasi begani kama mtu anayekwenda kazini, wala hakwenda kazini. Alilala mahali ambapo hakupata kututajia mpaka kufa kwake. Siku ya nne alipanda ngazi za karakana ya Bi Hester Grindall, mjane, katika ua huu huu tuliokusanyika, na mama yetu huyo, ambaye tulimzika mwaka 1782, alimtazama kutoka viatu hadi kofia.

"Wewe ni wa nani?" akamuuliza.

"Ni wangu mwenyewe, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

"Leo Alhamisi," akasema Bi Hester. "Siku tatu mtu mzima hujashika kazi. Chukua randa ile."

Mwaka uliofuata, tarehe 17 Juni 1764, alibatizwa kwa jina la Ambrose, kwa sababu watu wengi wa mitaani walimwambia kwamba mtu akibatizwa hawezi tena kuwa mtumwa wa mtu. Baada ya ibada alimwendea mchungaji akamuuliza kama ni kweli. Mchungaji akamjibu kwamba ubatizo unamweka mtu huru mbele za Mungu. "Na hapa chini?" akauliza marehemu, na mchungaji yule, ambaye alikuwa mtu mwema, aligeuka akaanza kufunga kitabu chake. Ndivyo ilivyokuwa siku zile, ndugu zangu. Hakuna hakimu aliyetaka kutamka wazi, na matangazo ya watu waliotoroka yalikuwa gazetini kila juma, yakitaja kovu la mtu, mwendo wake, na koti alilovaa. Marehemu alikuwa na kovu chini ya sikio la kushoto. Alifuga nywele zikalifunika, na wakati wa joto alifunga kitambaa.

Sasa nafika kwenye sehemu yangu.

Jumatano tarehe 8 Aprili 1767, wakati wa chakula cha mchana, nilikuwa kilabuni pale kona ya Long Acre na mkate wangu na jibini, nami nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mshona viti wa karakana hiyohiyo, na nilipenda sana kusikilizwa. Mtu mmoja wa koti la kahawia, aliyejitambulisha kwa jina la Noakes, akaketi karibu yangu akasifu kiti nilichokalia, akauliza siku hizi nani anachonga vizuri mitaa hii. Nikamjibu kwa majivuno kana kwamba mkono ni wangu, "Yupo mmoja kwetu, mtu mweusi wa Jamaika. Akikuchongea kucha za ndege, unaogopa kuweka kidole." Yule bwana akacheka, akaninunulia bia ya pili, akauliza, "Kwenu ndiyo wapi, rafiki yangu?" Nikamwambia. Aliyesema ni mimi. Sikutishwa, sikulipwa, ilikuwa bia moja na ulimi wangu, na nilirudi kazini nikipiga mluzi.

Jumanne iliyofuata, tarehe 14, siku tano kabla ya Pasaka, saa nne asubuhi, tulikuwa ghorofani watu sita: Bi Hester, marehemu, mzee Enoch Marl aliyekuwa fundi mkuu wetu, ndugu wawili wa ukoo wa Haddow, na mimi. Katikati ya chumba lilisimama kabati la nguo lililokuwa limekamilika siku iliyotangulia kwa ajili ya Bibi Thornhaugh wa Hammersmith, chini droo nne, juu sehemu ya milango miwili yenye trei za kuvuta ndani yake, na kwenye ukingo wa juu marehemu alikuwa amechonga majani na makomamanga kwa muda wa majuma matatu. Mkokoteni wa kulipeleka ulikuwa uani tayari. Mzee Enoch alikuwa dirishani akiangalia kama farasi amefungwa sawasawa, na akasema bila kugeuka, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa, "Limeingia gari la mtu mkubwa. Mbele yupo wa koti la kahawia. Wawili wa nyuma wana kamba."

Mimi nilielewa kabla ya wote.

Ngazi ilikuwa moja tu, na watu wale walikuwa wanaielekea. Marehemu aliweka patasi juu ya meza, makali yakielekea ukutani kama tunavyofundishwa, akasimama, na uso wake ukageuka rangi ya jivu. Nimeona watu wengi wakitetemeka, lakini sijapata kumwona mwingine anayetetemeka mwili mzima bila kutoa sauti yoyote. Bi Hester hakutetemeka. Akasema, "Toeni trei." Tukazivuta tatu tukazisukuma chini ya meza. Akamwambia marehemu, "Ingia, mwanangu," naye akaingia, akajikunja magoti yakigusa kidevu, mama akafunga milango, akazungusha ufunguo, akautazama mkononi mwake kama asiyejua auweke wapi, kisha akaudumbukiza katika chungu cha gundi kilichokuwa kinachemka motoni. "Nyanyueni," akasema. "Gideon, kona ya chini."

Tulikuwa wanne, na kabati lile peke yake lilitosha wanne. Katikati ya ngazi tukakutana na Noakes na watu wake wanapanda. Ngazi ile mnaijua, haipitishi hata paka wawili, kwa hiyo walilazimika kurudi nyuma hatua kwa hatua, uso wangu ukitazamana na uso wake juu ya mbao, na jasho likaniingia machoni, na mkono ukaniteleza. Kona ikashuka. Ndani kitu kikagonga ubao, kizito, cha nyama.

"Kuna nini humo?" akauliza Noakes.

"Gideon," akafoka Bi Hester kutoka juu, "si nilikwambia uzikaze trei hizo?"

"Nilizikaza, mama," nikasema, nikiinyanyua kona tena.

"Zito hilo," akasema Noakes.

"Mahogani ya Kuba, bwana," akajibu mzee Enoch. "Ukitaka jepesi kanunue la msonobari, utalibeba kwapani."

Tukalishusha uani, ikabidi tulitue chini ili tuandae mbao za kulipandishia mkokotenini, na lilitua hatua nne kutoka mlango wa gari la farasi la Bwana Lascombe, ambaye wakati ule alikuwa anateremka. Noakes na watu wake wakapanda ghorofani, tukawasikia wakipindua mbao na kuvuta makabati ukutani. Bwana Lascombe hakupanda. Alikuwa mtu mnene wa miaka hamsini, mpole wa sauti, mwenye fimbo ya kichwa cha fedha, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya alilisogelea kabati akalitazama kama mtu anavyomtazama farasi, akavua glovu, akapitisha kidole juu ya yale makomamanga, taratibu, moja baada ya jingine. Kati ya kidole chake na kichwa cha marehemu palikuwa na ubao wa unene wa kidole hicho hicho.

"Kazi safi," akasema. "Kachonga nani?"

"Fundi wangu," akajibu Bi Hester, aliyekuwa ameshuka nyuma yetu.

"Nataka la namna hii. Hebu fungua nione ndani, mimi samani naijulia ndani."

"Limekwisha nunuliwa, bwana mkubwa. Ufunguo hauko mkononi mwangu. Nami nikikufungulia leo kabati la mwenzako, kesho nitamfungulia mwenzako la kwako."

Bwana Lascombe akacheka, jibu lile lilimpendeza, akaligonga kabati mara mbili kwa kichwa cha fimbo yake, akatega sikio. Marehemu aliniambia baadaye kwamba katika maisha yake yote hiyo ndiyo sauti iliyobaki, kwamba hata kwenye harusi yake, mtu alipogonga meza ili anyamazishe watu, yeye alirudi mle ndani akiwa amesimama.

Noakes akashuka mikono mitupu. "Anaitwa Titus," akamwambia Bi Hester.

"Hapa hatuna Titus," akasema mama, na kwa hilo hakudanganya.

"Mweusi. Anachonga." Kisha akageuka, akaninyooshea kidole mbele ya wote. "Huyu ndiye aliyeniambia. Kilabuni, Jumatano. Kwa kinywa chake mwenyewe."

Ndugu zangu, mzee Enoch alinitazama, akina Haddow wakanitazama, na Bi Hester hakunitazama kabisa, hilo ndilo lililonichoma zaidi. Nilijua kwamba marehemu anasikia kila neno. Nilifungua kinywa bila kujua kitatoka nini, nikasema, "Nilikuwa nimelewa, bwana. Nilijivunia mtu aliyeondoka. Alitukimbia tangu mwaka jana, wanasema yuko Bristol, na patasi zangu mbili amekwenda nazo." Nikaanza kumtukana marehemu pale pale, nikamwita mwizi, nikamwita mtu asiye na shukrani, nikaeleza mwendo wake na kitambaa chake, na machozi yakanitoka ya hofu tupu, lakini nadhani Noakes aliyaona kuwa ya hasira. Bwana Lascombe akasema, "Bristol," kama mtu aliyechoka. Akapanda gari lake.

Noakes hakuridhika. Tulipoondoka na mkokoteni alitembea nasi ubavuni, mkono wake juu ya kabati, akiongea habari za bei ya shayiri na mbio za farasi, Piccadilly yote mpaka lango la ushuru la Hyde Park, na hatukuweza kusimama, hatukuweza kugonga ubao, hatukuweza hata kuangaliana. Jua lilikuwa linawaka. Milango ile marehemu aliitengeneza mwenyewe, nayo ilikuwa imebana sawasawa, unywele haupiti. Ndiyo sifa ya fundi. Langoni Noakes akatuaga. Tulikwenda tena kama robo maili mpaka kibanda cha mkulima wa kabichi nje ya Knightsbridge, mzee Enoch akachukua patasi akaupasua mlango wa Bibi Thornhaugh, na kabla ya kumtazama marehemu alinigeukia mimi akanipiga kofi moja nikaanguka.

Marehemu alikuwa hai. Midomo ilikuwa imebadilika rangi, kucha nne zilikuwa zimekatika, na ubao wa ndani ulikuwa na michirizi. Hakutoka mwenyewe, tulimtoa kama anavyotolewa mtoto, akakaa juu ya majani ya kabichi akivuta hewa kwa kinywa, na mtu wa kwanza aliyemshika mkono ni mimi. Hakuuondoa.

Alikaa Hammersmith kwa dada yake mzee Enoch majuma kumi na moja, mpaka tuliposikia kwamba Bwana Lascombe amerudi Jamaika, na siku tatu za mwanzo hakusema neno. Ya nne aliomba kalamu na karatasi. Alichora mlango mpya wa Bibi Thornhaugh, na juu ya milango, chini ya ukingo, alichora mstari wa nakshi uliotobolewa, vitundu vidogo vya umbo la jani, hewa ipite, na upande wa ndani akachora kikomeo cha shaba kinachofunguka kwa kidole hata kabati likiwa limefungwa kwa ufunguo. Bibi Thornhaugh aliambiwa kwamba mlango uliharibika njiani na kwamba vitundu ni kwa ajili ya nguo zisivunde. Akafurahi. Rafiki zake wakataka vilevile, na kabla mwaka haujaisha karakana yetu ilijulikana kwa makabati ya nakshi ya matundu, mabibi wakisema ni mtindo mzuri, mwepesi kwa macho, na hakuna hata mmoja aliyepata kuuliza kikomeo cha ndani ni cha nani. Bi Hester alijua, na kila alipokagua kabati kabla halijatoka, aliingiza mkono akakijaribu.

Marehemu alifunga ndoa na dada yangu Keziah Jumatatu tarehe 6 Novemba 1769, katika kanisa la parokia yetu. Ndoa ilipaswa kutangazwa Jumapili tatu, jina lake kusomwa kwa sauti mbele ya watu mia nne, na kila Jumapili kati ya hizo alikaa kiti cha mwisho karibu na mlango, kofia mkononi, akiwatazama wanaoingia badala ya mchungaji, na Jumapili ya pili alitoka nje akatapika. Keziah alimwambia waende wakaoane mbali. Akasema, "Hapana. Nataka mtu aniite kwa jina langu na nibaki nimekaa."

Walibarikiwa watoto watatu, Hester aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1770, Jonas aliyezaliwa Machi 1773 akafariki kwa ndui mwaka huohuo, na Phoebe aliyezaliwa tarehe 19 Januari 1776. Alikuwa baba mpole, hakupata kuwainulia mkono, lakini alikuwa na jambo moja ambalo watoto hawa, walioketi hapa mbele, wanalijua. Kila mmoja alipotimiza miaka mitano alimfungia ndani ya kabati mchana kweupe, akahesabu mpaka kumi, akirudia na kurudia mpaka mtoto atoke mwenyewe kabla ya kumi. Keziah alilia. "Unawafundisha watoto kuogopa," alimwambia.

"Kuogopa watajifunza wenyewe," akajibu. "Mimi nawafundisha kutoka."

Jumatatu tarehe 22 Juni 1772 mahakama kuu ilitamka kwamba bwana hana mamlaka ya kumkamata mtumwa wake kwa nguvu na kumtoa nchini humu. Mmoja wa akina Haddow alikimbia na habari toka Westminster mpaka hapa akapanda ngazi akihema, sote tukaweka vifaa chini, tukamzunguka marehemu, mzee Enoch alikuwa analia. Marehemu alisikiliza mpaka mwisho, akaomba arudiwe maneno, akarudiwa.

"Basi sasa uko huru, Ambrose," nikamwambia.

"Hukumu iko mahakamani," akasema, "mimi niko mtaani." Akarudi kwenye meza yake. Na hakukosea, maana katika miaka iliyofuata tulisikia zaidi ya mara moja habari za mtu mweusi aliyeshikwa gizani kando ya mto na kuingizwa melini kabla hakimu hajaamka. Marehemu hakupata kukanyaga gati. Mteja wa Wapping au Rotherhithe, kule bandarini, alipelekewa samani na sisi wengine. Gari la farasi likisimama uani ghafla, randa yake ilinyamaza, wala haikunguruma tena mpaka mmoja wetu achungulie dirishani aseme ni nani. Tulizoea. Tulipokezana kuchungulia, wala hakuna aliyewahi kumcheka, na kijana mgeni aliyejaribu mara moja alifukuzwa na Bi Hester siku hiyohiyo.

Kwa miaka kumi na mitatu mimi na yeye hatukuzungumza habari za Jumanne ile. Tulikula meza moja kila Jumapili. Mwaka 1780, mwezi Agosti, baada ya nyama ya kuchemsha na karoti, Keziah akiwa ametoka na watoto, nilishindwa, nikamwambia kwamba sijapata usingizi mzuri tangu siku ile, na kwamba kama anataka kunitoa nyumbani kwake anitoe.

"Nilisikia yote," akasema. "Mahogani inapitisha sauti vizuri."

"Na dada yangu ukamwoa?"

"Nilimwoa Keziah. Sikukuoa wewe."

Kisha akaniambia kwamba mle ndani, aliposikia ninamwita mwizi, alifikiri kwa dakika nzima kwamba nasema kweli, kwamba nimemchukia siku zote, na kwamba dakika ile ilikuwa mbaya kuliko fimbo. "Halafu ukataja patasi mbili," akasema. "Wewe fundi wa kushona viti, hujapata kumiliki patasi. Ndipo nikajua unaniokoa." Akamimina bia mbili, moja akanisukumia. Mimi sikuinywa, yeye akazinywa zote mbili.

Bi Hester alipofariki mwaka 1782 aliwaachia karakana marehemu na mzee Enoch kwa pamoja, na tangu mzee Enoch alipotangulia mwaka 1786 bango la uani limeandikwa Quaco peke yake, kwa herufi za dhahabu ambazo aligoma kwa miezi minane zisipandishwe, na zilipopandishwa alikwenda akazitazama kutoka ng'ambo ya barabara, akisimama katika mlango wa mwoka mikate ili asionekane.

Afya yake ilianza kudhoofu vuli ya mwaka 1789, kwa kikohozi kikavu ambacho wengi wenu mnakifahamu, kile cha vumbi jekundu la mahogani. Kufikia Krismasi iliyopita hakuweza kupanda ngazi, akawa anachora mezani nyumbani na binti yake Hester anapeleka michoro kwa mafundi. Mwezi Januari aliletewa daktari, akatolewa damu mara mbili, akapewa dawa ya asali na vitunguu ambayo ilimpa nafuu ya juma moja. Hofu haikumtoka, sitaki kuwadanganya. Katika homa aliuliza nani yuko ngazini, nasi tulijibu kila mara kwa jina: ni Keziah, ni Phoebe, ni mchuuzi wa maziwa, ni mimi. Siku ya Alhamisi tarehe 3 Machi 1791, saa tano asubuhi, alisikia hatua akauliza tena. Phoebe akajibu, "Ni mimi baba, naleta maji." Akasema, "Pita." Alipomfikia kitandani alikuwa amekwisha kufariki, akiwa na umri wa miaka arobaini na tisa, au hamsini.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mafundi tisa, na makabati zaidi ya mia tatu katika nyumba za watu ambao hawakumjua.

Familia inatoa shukrani kwa Daktari Ellery Pym, aliyekuja kila alipoitwa hata siku za theluji. Kwa majirani wa ua huu, hasa mwoka mikate na mkewe, kwa mikate na supu na kwa kukaa na Keziah. Kwa mchungaji, aliyetupa sehemu nzuri upande wa jua. Kwa mafundi wa Long Acre waliolitengeneza jeneza la mti wa elm kwa siku mbili bila kuacha pengo hata kwenye kiungo kimoja. Na kwa watu wa Jamaika na wa Pwani ya Dhahabu waliotoka Wapping kwa miguu asubuhi hii na kusimama nyuma kule. Njooni mbele, tafadhali, nafasi ipo. Wengine tusiowataja, pokeeni asante yetu.

Shemeji, nimesoma, na sikuruka kitu. Ua umejaa watu wanaokujua kwa jina, na nimechungulia mpaka barabarani; hakuna anayekutafuta. Pumzika sasa, Ambrose Quaco, pumzika kwa amani.